Mnadi Aliyechukia Moshi

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa katikati ya jiji, mbele ya kikombe cha chai ambacho sikukimaliza. Aliyenipigia simu ni rafiki yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na River Road, mtu wa familia ya Kihindu iliyoishi Nairobi tangu enzi za babu zake, ambaye kwa kawaida haanzi mazungumzo bila mzaha. Siku hiyo alianza bila mzaha. "Mwenzetu ametuacha leo alfajiri," alisema. "Binti yake amenipigia sasa hivi. Nimeona nikuambie mimi kabla hujasoma kwa simu." Nilimshukuru. Nyuma yake nilisikia wateja wakiuliza bei ya misumari. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha, "Huko alikokwenda, kama kuna mtu alikuwa anavuta sigara, ameshafukuzwa." Tukacheka kidogo, na baada ya kucheka ndipo nilipoamini kwamba kweli amekufa.

Wasomaji wa safu hii mnamjua marehemu hata kama hamkupata kumwona. Ndiye yule mnadi niliyewahi kumtaja hapa zaidi ya mara moja, mtu mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja. Kila nilipomwandika alinipigia kulalamika, na wala hakulalamikia yale ya maana. "Umesema mimi ni mfupi," aliniambia safari moja. "Mimi si mfupi. Wewe siku ile ulikuwa umesimama kwa ngazi." Kwa kuwa leo hawezi kunipigia, na kwa kuwa sipendi kumwonea mtu asiyeweza kujibu, sitasema lolote zaidi kuhusu kimo chake.

Tulifahamiana kwa sababu ya pua yangu kuwasha. Mvua ilikuwa imenikuta mjini, nikaingia katika ukumbi mmoja wa mitaa ya chini ya jiji kujikinga, na humo ndani vilikuwa vikinadiwa vyombo vya hoteli iliyofungwa. Yeye alikuwa juu ya sanduku la mbao, kofia kichwani, akitaja bei, akimtania mama mmoja mwenye mwavuli na kumsalimia aliyechelewa, yote kwa pumzi moja. Nilipandisha mkono nikajikuna. Nilipoushusha, nilikuwa nimenunua kabati. Nilimfuata baada ya mnada nikamweleza kwamba nilijikuna tu. "Mnadani mkono ukipanda, umesema," alinijibu bila hata kunitazama. Nikamwambia mkono wangu uliishia puani. "Nilikuwa mbali," akasema. "Niliona ukipanda. Sikuona umeishia wapi." Kabati hilo lilipofika kwangu Uthiru halikuingia mlangoni, na nilipompigia kumweleza hasira yangu, alikuja mwenyewe Jumamosi iliyofuata na bisibisi na msumeno, akalifungua, akaliingiza vipande vipande, akalifunga tena. Alipomaliza alikaa mezani kwangu akala chakula cha mchana kama ndugu wa damu. Na alipokwisha kula, akatoa mfukoni kikopo cha bati, akakigonga kifuniko kwa kidole, akachukua unga wa kahawia kwa vidole viwili, akaupachika nyuma ya mdomo wa chini, akafumba macho.

Ulikuwa ugoro. Nasema hivyo kwa sababu vijana wa mjini huenda hawajawahi kuuona ukitumiwa waziwazi, ingawa unauzwa kila mahali, kwenye vibanda vilevile vya peremende na kadi za simu. Ni tumbaku iliyokaushwa, ikasagwa pamoja na magadi. Wapo wanaounusa na wapo wanaouweka mdomoni. Yeye aliuweka mdomoni asubuhi, mchana na jioni, na aliutoa tu alipokuwa anapanda kwenye sanduku lake kunadi, kwa sababu, alivyosema, ulimi ni chombo chake cha kazi na chombo cha kazi hakichafuliwi. Kauli hiyo aliisema kwa dhati kabisa. Nilimtazama nikingoja acheke, hakucheka.

Kilichowafurahisha waliomjua ni kwamba mtu huyohuyo aliichukia sigara kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Baba yake alivuta tangu ujana na akafa kwa kukohoa, katika nyumba ya chumba kimoja ambamo yeye, kitindamimba, alilala akisikiliza. Aliniambia habari hiyo siku moja tu na hakuirudia. Upande wa pili kulikuwa na nyanya yake wa Mutuini, aliyetumia ugoro maisha yake yote, akalima shamba lake mwenyewe hadi uzeeni, akafa usingizini akiwa na meno mengi kuliko baadhi ya wajukuu wake. Kwa hiyo mwenzetu alikuwa na ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ulitoka nyumbani. Moshi uliua. Ugoro ulitunza. Hoja ilikuwa imefungwa, na yeyote aliyetaka kuifungua alipewa habari za nyanya tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi akawa anapita pale mjini wavutaji walipotengewa mahali pao pa kuvutia, akisimama nje na kitambaa puani, akimsubiri kila anayetoka ampe nasaha. Wengi walidhani ni mhubiri. "Kijana, unalipa ili ufe," angemwambia mtu mzima mwenye tai, huku shavu lake mwenyewe limevimba na mdomo wa chini umetuna. Halafu angegeuka pembeni kidogo, kwa adabu sana, akatema kwenye kopo lenye kifuniko alilobeba mfukoni, akarudi kuendelea na somo la afya. Kule Mountain View alikokuwa akiishi, wakazi walimchagua mwenyekiti wao, na katika mkutano wake wa kwanza alipitisha kwamba hakuna kuvuta sigara langoni, kwenye vijia wala karibu na mahali watoto wanapocheza. Mama mmoja akauliza kwa upole, "Na ugoro, mwenyekiti?" Wenzake wananiambia alisimama wima kabisa, wima kadiri alivyojaliwa, akajibu, "Ugoro hauna moshi. Hauingii kwa pua ya jirani. Ni kitu ya mtu binafsi." Azimio likapita vilevile.

Alikuwa na bustani ndogo ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, na hiyo bustani ndiyo iliyomponza katika mabishano yetu. Vidukari walipoivamia, aliloweka ugoro majini siku nzima, akachuja, akanyunyiza. Vidukari walikufa wote. Alinipeleka kuwaona. "Unaona?" aliniambia akinyoosha kidole. "Hakuna dawa ya duka hapa. Hiki ni kitu asili." Niliwatazama wale wadudu waliokauka kwenye majani, nikamwuliza, "Kama unafanya hivi kwa mdudu, mdomoni mwako unafanya nini?" Alifikiri kidogo, ugoro ukiwa mahali pake. "Mimi si kidukari," akasema.

Wa kumweza alikuwa mmoja tu, yule rafiki yetu wa River Road. Yeye hakuwa mtu wa ugoro. Alikuwa mtu wa tambuu, iliyofungwa na chokaa, popoo na tumbaku, na kwa muda mrefu hao wawili walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya duka wakibishana ni uraibu wa nani ulio safi. Mmoja alimcheka mwenzake kwa meno mekundu, mwingine alimcheka mwenzake kwa kubeba kopo la mate kama mgonjwa. Nilizoea kuwapitia pale jioni za Ijumaa nikaona kwamba kila mmoja alijua hasa kasoro ya mwenzake. Kisha kaka wa mwenye duka akapata saratani ya shavu. Alikuwa mtu wa tambuu pia. Baada ya mazishi, rafiki yetu aliacha siku hiyohiyo, akaanza kubeba mbegu za shamari mfukoni, akizitafuna kwa uchungu kama mtu aliyepewa adhabu, na akaanza kuwatazama watu midomoni.

Ndivyo alivyoliona. Mnadi alikuwa anacheka, kichwa nyuma, na mwenzake akaona doa jeupe upande wa chini wa ulimi. "Hebu fungua mdomo," akamwambia. "Mimi si punda wa kuuzwa," akajibiwa. Kuanzia hapo ikawa vita. Kila Ijumaa aliambiwa aende akaonwe, na kila Ijumaa alikuwa na maelezo mapya: ni chai ya moto, ni jino limekwaruza, ni pilipili ya nyumbani kwa mwenye duka mwenyewe. Akaanza kunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Akaacha kula machungwa. Mimi na mwenye duka tuliona, na yeye aliona kwamba tumeona, na akaongeza sauti ili tusiulize.

Kilichomshinda ni kazi. Nilikuwapo. Ulikuwa mnada wa samani za ofisi, watu wamejaa, na yeye alikuwa katika hali yake nzuri ya zamani, akimzungusha mnunuzi mmoja na mwingine mpaka wote wawili wanacheka na wote wawili wanapandisha. Akafika mwisho, akapiga rungu lake dogo mezani, na badala ya "limeuzwa" ulimi ukatoa "imeua". Watu wakaangua kicheko. Yeye pia akacheka, akasema tena, na tena likatoka vilevile. Safari ya pili watu wachache walicheka. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba neno lake limo humo, akamwomba mwenzake wa kazini amalizie. Aliponipita kuelekea mlangoni alisema polepole, ili asikosee, "Mwambie yule mtu wa misumari nitaenda."

Aliniomba tuende pamoja, mimi na mwenye duka, na daktari hakuonekana kushangaa kuwaona wazee watatu wakiingia kwa mgonjwa mmoja. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yetu, mtulivu, asiye na haraka. Alimtazama mdomoni kwa muda mrefu, akachukua kipande kidogo cha nyama ya ulimi kikapimwe, na majibu yaliporudi tulirudi sote. Alimweleza kwamba ni saratani. Mwenzetu akamweleza naye habari za nyanya wa Mutuini, zote, mpaka meno. Daktari alisikiliza hadi mwisho, na kwa hilo nitamheshimu daima.

"Wapo wanaotumia wasiugue, mzee," akasema. "Wapo pia wanaovuka Waiyaki Way bila kutazama wakafika ng'ambo. Lakini hebu nikueleze kilicho ndani."

"Ndani ni jani tu na magadi," akasema mnadi. "Hakuna moto."

"Hiyo ndiyo shida. Watu wanafikiri sumu inatoka kwa moto. Jani la tumbaku likikaushwa na kuvundikwa, kuna kemikali zinajitengeneza zenyewe humo ndani. Tunaziita nitrosamini. Ni kati ya zile zinazoleta saratani, na hazihitaji kiberiti. Halafu tumbaku ni mmea unaofyonza sana udongo, kwa hivyo unaweza kupata humo madini kama kadmiamu na risasi. Magadi nayo yanaifanya nikotini itoke haraka na kuingia kwa damu, ndiyo maana ukiweka unasikia mara moja. Na nikotini ndiyo inakurudisha kila siku, ili hizo zingine zipate nafasi ya kufanya kazi yake, mahali pamoja, hapo karibu na ulimi, miaka na miaka."

Mnadi, kwa sababu alikuwa yeye, akaanza kubembeleza bei. "Na nikipunguza nusu?"

"Hapana, mzee."

"Robo. Asubuhi peke yake."

"Mzee, hapa hatupatani."

"Nikinusa tu, bila kuweka mdomoni?"

Daktari alicheka, naye akacheka, na sisi wawili nyuma yake tukacheka. Kisha mnadi akatoa kile kikopo mfukoni na kukiweka mezani kwa daktari. Daktari akakisukuma kidogo kando, akaanza kumweleza habari za upasuaji.

Walimkata sehemu ya ulimi. Baadaye ikafuata tiba ya mionzi, na mionzi ilimkausha mdomo, ikamnyima ladha ya chakula, ikamfanya achukie hata harufu ya ugali aliyoipenda. Alijifunza kusema upya na mwalimu wa matamshi, mwanamume mzima akirudia silabi kama mtoto wa chekechea, na alinitumia ujumbe wa maandishi kunilalamikia kwamba mwalimu hana mzaha. Kwa simu hatukuweza kuelewana. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa inasikika hadi barabara ya pili alikuwa sasa ananiandikia, "Niko sawa. Wewe je?"

Wengi tulidhani hatutamwona tena juu ya sanduku. Lakini kanisa lake la Uthiru lina desturi, Jumapili ya mavuno, ya kunadi vitu ambavyo waumini wameleta, ndizi, maharagwe, kuku, maziwa, na kwa miaka mingi aliyenadi alikuwa yeye. Mwaka huo wazee wa kanisa walikuwa wamemtafuta mtu mwingine, kijana hodari. Ibada ilipokwisha, mwenzetu aliinuka kutoka kitini, akaenda mbele, akamshika kijana huyo bega kwa upole, akachukua jogoo kutoka mikononi mwake.

Mwanzoni hakuna aliyemwelewa. Maneno yalitoka mazito, yamegandana, na kanisa zima likatulia kwa ule ukimya wa watu wanaotaka kusaidia wasijue wasaidie vipi. Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea kusema. Mnadi akamtazama jogoo, akatutazama sisi, akainua vidole kuonyesha bei. Mzee mmoja nyuma akapandisha mkono. Mama mmoja akapandisha. Yule mzee akapandisha tena, halafu, kwa kuwa hakuelewa vizuri, akajipandishia bei mwenyewe, na mnadi akamwonyesha kidole na kuinamisha kichwa kwa shukrani nyingi mno. Kanisa likacheka, na baada ya hapo kila mtu akagundua kwamba anamwelewa. Ilikuwa kama masikio yetu yalikuwa yamejifunga kwa hofu tu. Aliuza kila kitu. Mwishoni akauliza, polepole, kama kuna mwenye kikopo mfukoni akilete mbele kinadiwe pia. Hakuna aliyesogea. Wazee walitazama dari, na mama wawili watatu wakafunga mikoba yao. "Nawajua," akasema. "Nitawapitia nyumbani." Nami nasikia alipitia, nyumba kwa nyumba, na kwamba wengine walimfungulia mlango na wengine wakasema hawapo, wakisema wenyewe kutoka ndani.

Ningependa kuishia hapo, katika ushindi, lakini jambo lililonifanya niandike safu hii lilitokea mchana wa Jumapili hiyohiyo. Alitualika nyumbani Mountain View, mimi na mwenye duka. Binti yake wa pekee alikuwapo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayefanya kazi kwenye ofisi moja ya Westlands. Huyu binti ndiye aliyepigana na ugoro wa baba yake tangu akiwa shuleni. Alitupa vikopo. Alivificha. Aliwahi kujaza kimoja kahawa, na baba yake akatembea nayo mdomoni nusu siku akidai muuzaji amemwibia. Tangu mama yake afariki, alikuwa anakuja kila wikendi, na wakati wa matibabu alilala kwenye viti vya hospitali.

Tulikuwa mezani. Binti alitupakulia, akaketi, na baada ya muda akageuza uso kidogo upande wa dirisha, akapitisha kidole gumba chini ya mdomo wa juu. Mimi niliona lakini sikuona. Mwenye duka vivyo hivyo. Baba yake aliweka kijiko chini.

"Toa," akasema.

"Nini, Baba?"

"Toa nione."

Binti alitutazama sisi wageni, akaona hatutamsaidia, akatoa kwa karatasi ya shashi kifuko kidogo cheupe, kisafi, kama kijifuko cha chai cha mwanasesere. Kilinukia mnanaa. "Baba, hii si tumbaku," akaanza, na akaharakisha. "Haina hata jani. Haina moshi, haina harufu, hutemi mate, hakuna mtu unamsumbua. Ni nikotini tu imewekwa na ladha. Watu wengi ofisini wanatumia. Si kama ile kitu yako."

Mnadi alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya kukisikia, kwa ule mdomo uliokatwa, kikaendelea hadi machozi yakamtoka, na katikati yake kikaacha kuwa kicheko. "Hiyo hotuba," akasema hatimaye, akitafuta kila neno, "ni yangu. Umeniibia."

Binti alijaribu kutabasamu. Baba akamwuliza alianza lini, naye akasema hataki kulijibu hilo. Baba yake akangoja. Alikuwa amejifunza kungoja tangu maneno yawe machache. "Nilianza ukiwa hospitali," binti akasema. "Siwezi kuvuta sigara, ungenisikia harufu. Nilihitaji kitu cha kunishika. Mwenzangu mmoja akanipa."

Hata siku daktari alipomwambia habari ya saratani, mnadi hakuwa na uso ule. Akanyoosha mkono, akachukua kwa binti kikopo cha vile vifuko, kizuri, cha mviringo, chenye rangi ya majani mabichi, akamrudishia. "Soma. Ndani kuna nini?" Binti akasoma. Kulikuwa na jina la ladha. Kulikuwa na onyo kwamba nikotini hutia uraibu. Yaliyobaki yalikuwa herufi ndogo na majina ambayo wote wanne hatukuyajua. "Sijui," binti akasema. "Nasikia ni nafuu kuliko tumbaku."

"Inawezekana," baba akasema. "Mimi pia niliambiwa yangu ni nafuu. Miaka yote hiyo sikuuliza ndani kuna nini. Niliuliza tu kama kuna moshi."

Nilimpigia daktari yule baadaye, kwa sababu sipendi kuandika nisichokijua, na aliniambia kwa uangalifu kwamba vifuko hivyo havina jani na kwa hivyo huenda zile nitrosamini ni chache sana kuliko zilizomo katika ugoro, lakini nikotini imo, wakati mwingine kwa wingi, na hakuna ajuaye vitamfanya nini mtu anayevitumia miaka kadiri ya mzee wetu, kwa sababu hakuna aliyevitumia kwa muda huo bado. Nimetafakari sana maneno hayo. Katika jiji hili tulifanya kazi nzuri ya kuwatoa wavutaji nje. Tuliweka mabango, tukatenga vyumba, na tukaanza kuamini kwamba tumemalizana na tumbaku, kumbe tuliondoa tu kile kinachotusumbua sisi tusiovuta. Anayeweka kitu mdomoni mwake kimyakimya hamsumbui mtu, kwa hivyo hatumtazami. Biashara imeliona hilo mapema kuliko sisi. Leo napita Westlands, napita hata mlangoni kwa vyuo, naona vijana wenye meno meupe wakipitisha kidole chini ya mdomo kwa namna ileile niliyoiona mezani kwangu siku ya kabati, na hawana hata nyanya wa kumsingizia.

Ugonjwa ulirudi baada ya mwaka hivi, safari hii shingoni. Aliuchukua kwa utulivu kuliko sisi. Siku zake za mwisho alikuwa akiandika vikaratasi, na kimojawapo alichonipa kilisema nikimwandika nikumbuke kofia, maana na kofia alikuwa mrefu wa kutosha. Nimetimiza.

Tulimzika Mutuini, katika shamba la familia ambalo sasa limezungukwa na nyumba za kupanga. Mwenye duka alisimama karibu na kaburi na shamari zake mkononi, hakuzila. Watu walikuwa wengi, na wengi walikuwa wateja, watu ambao aliwahi kuwauzia kitu wasichokihitaji na wakamsamehe. Baadaye binti alinisindikiza hadi barabarani. Sikukusudia kumwuliza, lakini alijua ninachofikiri.

"Hakunitajia tena tangu siku ile," aliniambia. "Hata mara moja. Lakini kila nikiingia chumbani alikuwa ananiangalia hapa kwanza," akagusa mdomo wake wa juu, "halafu ndio ananiangalia macho. Nilikuwa naacha, narudi, naacha. Siku nikiwa nimeweka, alikuwa anajua, na ananisalimia vilevile tu. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma."

"Na sasa?"

"Sijui kama nimeacha," akasema. "Najua leo sijaweka."

Nikifikiria vizuri, hilo ni jibu la kweli kuliko mengi niliyowahi kuandika hapa. Ninyi wasomaji wangu, wenye vikopo vya bati na wenye vikopo vya rangi nzuri, sitawahubiria. Aliyekuwa na kipaji hicho tumemzika. Nitawaomba jambo moja tu. Mtu akikwambia kitu chake ni afadhali kuliko kingine, mwulize kilicho ndani kabla hujauliza ladha yake. Kitu kuwa afadhali kuliko sumu hakukifanyi kuwa chakula. Na akishindwa kukujibu, usikiweke mdomoni.